Debe la Sangari

Dresa Kimeu hakumpima Ndinda. Hakumshika hata kipaji cha uso. Alimuuliza kupitia dirisha la zahanati ya shamba, foleni nzima ikisikia, unaumwa wapi, na Ndinda alipoinama na kunong'ona kwamba akienda haja ndogo anachomeka, dresa alicheka kwa pua, akachovya kalamu kwenye wino, akaandika kwenye kadi yake neno moja: kisonono. Kisha akalisoma kwa sauti kubwa, kama karani anayeita jina la mtu aje achukue posho.

Hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1957, kwenye shamba la kahawa la mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, huko kati ya Ruiru na Thika. Kabla jua halijawa la utosi, neno lilikuwa limeshatembea mistari yote ya wachumaji, limezunguka faktori ambako kahawa ilimenywa na kuoshwa, na limemkuta Muasya, mume wa Ndinda, akiwa ndani ya maji mpaka magotini. Wanaume wenzake walimpa pole huku wakikonyezana. Afadhali mtu atukanwe kuliko kupewa pole ya namna hiyo.

Kalondu, mama yake Muasya, alikuwa ameketi mlangoni akipembua pojo kwenye ungo wakati mwanawe alipofika, miguu bado ina matope ya faktori.

"Mwaitu," akasema, "Jumapili narudisha huyu mwanamke kwao Ngoliba. Baba yake akitaka arudishe mbuzi, akikataa akae nao. Mimi sitaki kumuona."

"Amefanya nini?"

"Uliza dresa. Ameandikwa."

Kalondu akaweka ungo chini. Waliomjua walijua kwamba akipayuka hakuna neno, ni kelele tu za mama mtu mzima. Cha kuogopa ni pale aliposhusha sauti, na sasa aliishusha.

"Wewe unaumwa?"

"Mimi?"

"Ukikojoa. Unachomeka? Unatoka usaha?"

"Hapana, mwaitu! Maneno gani haya?"

"Basi kama mke wako ana kisonono, cha kwako kimeenda wapi? Kimepotea njia?"

Muasya alitazama pembeni. "Dresa amesoma."

"Amesoma kufunga vidonda! Mimi nilikuwa natibu wanawake kabla baba yako hajaleta mbuzi wa kwanza kwetu. Huu si ugonjwa wa kulala na watu. Ni kibofu kimewaka moto, na mtoto wa miaka sita anaweza kuupata."

"Jumapili," Muasya akasema, akaondoka. Kalondu akarudi kwenye ungo wake, lakini kwa hasira akatupa pojo nzima na kubakiza mbovu.

Maana yeye alijua. Hakuna aliyejua kama yeye. Kwenye laini zile za nyumba za wafanyakazi hapakuwa na mwanamke aliyethubutu kuutaja ugonjwa ule. Ulikuwa na mlango wake wa nyuma. Mwanamke alikuja kwa Kalondu jioni, akakataa kuketi, akasema, "Nimekuja kuomba chumvi," wala hakubeba mkebe wala hata jani la kuiwekea. Kalondu hakuuliza kitu. Aliingia ndani akatoka na mizizi ya sangari na ndevu za mahindi zilizokaushwa, zimefungwa pamoja kwenye maganda ya hindi, akamwambia chemsha, unywe. Sangari ni ile nyasi mbaya ambayo Bwana Miwani aliichukia kuliko nzige. Wanawake walishinda wakiing'oa katikati ya mibuni ili ichomwe, na kile walichokitupa mchana Kalondu alikiokota jioni.

Kazi hiyo alifundishwa na nyanya yake, kule Ngoliba, na pamoja na kazi alipewa kiapo: anayeomba chumvi hatajwi. Msimu ule peke yake walikuwa wamekuja wanawake ishirini na wanne. Kila mmoja alifikiri ni yeye tu. Kila mmoja alimtazama jirani yake akamuona safi, akajiona yeye ndiye mwenye laana. Na Kalondu alikuwa amewaacha wafikiri hivyo, kwa sababu kiapo ni kiapo.

Jioni hiyo alichemsha sufuria nzima, akaipoza, akamwekea Ndinda mbele yake. Ndinda alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mpole kupita kiasi, ambaye alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Alichota kikombe kimoja, akanywa nusu, akakiweka chini.

"Maliza."

"Inatosha, mwaitu. Kesho ni kazi."

"Kazi inaingiaje hapa?"

Ndinda alimtazama kwa mshangao. "Nikinywa yote si nitataka kutoka mstarini? Na Ephantus hakubali. Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha. Siku yangu ya kwanza uliniambia, mwanamke wa kahawa hanywi maji mpaka arudi nyumbani."

Kalondu alikitazama kile kikombe kilichobaki nusu.

Alikuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema kwa majivuno, vile mama mkwe anavyompa mke wa mwanawe siri ya mahali. Maana Ephantus, nyapara wa wachumaji, alikuwa na amri yake. Tangu serikali itangaze Imajensi, yaani hali ya hatari, hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kutoka mstarini kabla debe lake halijajaa, ati anayeingia kichakani anawapelekea chakula watu wa msituni wanaopigana na wazungu. Mwaka huo watu wa msituni walikuwa wamekwisha, hawa wamekufa, hawa wamefungwa, lakini amri ilibaki. Ilimfaa Ephantus, ikajaza madebe haraka, basi akaendelea nayo. Aliyetoka alimwagiwa kahawa yake chini, na siku yake haikuandikwa wala kulipwa. Kwa hiyo wanawake walijibana kuanzia alfajiri mpaka saa nane mchana, na ili waweze kujibana, hawakunywa hata tone. Wakaona ni ujanja. Wakafundishana, mkubwa kwa mdogo, na Kalondu akawa mmoja wa walimu.

Na nyanya yake alimwambia nini? Maneno yalimrudia usiku huo, makali kama pilipili. "Sangari ni mjumbe tu. Mwenye nguvu ni maji." Kule Ngoliba, kunakokauka mpaka ardhi inapasuka, kule ambako maji yalibebwa mgongoni kutwa nzima, bado nyanya yake hakumpa mgonjwa mzizi bila kibuyu kizima cha maji, na alisimama hapo mpaka kikaisha. Leo Kalondu anakaa hatua hamsini kutoka kwenye bomba, na amewapa wanawake ishirini na wanne mizizi na kuwaacha wainywe kwa vijiko. Ndiyo maana walipona siku mbili wakarudi. Ndiyo maana Ndinda alikuwa ameomba chumvi mara tatu tangu mwezi wa tisa, naye Kalondu akadhani ni sangari ya Ruiru ndiyo haina nguvu. Alijichukia. Alimchukia Ephantus, akamchukia dresa, lakini usiku huo aliyemchukia zaidi alikuwa ni huyo mama mjuaji aliyelala kwenye kitanda chake.

"Kesho huendi kazini," alimwambia Ndinda.

"Siku yangu haitaandikwa."

"Isiandikwe!"

Alhamisi na Ijumaa Ndinda alishinda nyumbani, Kalondu naye hakwenda mstarini. Alimkalia juu kama askari na sufuria. Ndinda alikunywa, akatoka, akanywa tena. Moto wa mkojo ulipungua kidogo, na Kalondu akaanza kuvuta pumzi. Muasya alilala kwa rafiki yake, laini ya tano, akija tu kuchukua shati.

Jumamosi alfajiri Ndinda aliamka akitetemeka, meno yakigongana, mwili unachoma. Alitapika uji, akatapika maji, akashika kiuno. Kalondu alimgeuza, akamgonga polepole kwa ngumi chini ya mbavu, upande wa nyuma, naye Ndinda akapiga ukelele.

Kalondu akaketi chini. Hapo alipajua. Nyanya yake alipaita mpakani. Ugonjwa ulikuwa umekaa sana chini, sasa umepanda kwenye figo, na kwenye figo sangari haiwezi kitu, hata ukichemsha shamba zima. Mganga asiyejua dawa yake inaishia wapi ni muuaji kama wauaji wengine, ndivyo alivyofundishwa.

"Huyu ni wa hospitali," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia ila mgonjwa mwenyewe. "Leo. Si Jumapili, si kesho kutwa."

Saa kumi jioni lori la shamba lingepeleka magunia ya kahawa Thika, kuliko na hospitali. Lakini dereva hakubeba mgonjwa bila barua ya dresa, maana njia ilikuwa na vizuizi na askari walitaka karatasi. Kalondu akajifunga leso, akaenda zahanati.

Kimeu alikuwa dirishani akisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, hakuinua kichwa.

"Lori la bwana halibebi uchafu," akasema. "Aje na mume wake. Wapigwe sindano wote wawili hapa."

"Ana homa. Anatapika. Kiuno hakishikiki."

"Mama, mimi ndiye dresa ama wewe?"

"Wewe ni dresa. Ndiyo maana nimekuja kuomba barua na si kuomba akili."

"Basi hakuna barua. Na hizo nyasi zenu mnachemshiana huko nitamwambia Bwana Miwani. Mnaharibu watu."

Nyumba ya Kimeu ilikuwa imeshikana na zahanati, ukuta kwa ukuta. Nyuma ya ukuta huo Kalondu alisikia mtu akifagia. Alikuwa Kanini, mke wa dresa, ambaye msimu wa kahawa ulipokuwa mzito alikwenda kuchuma kama wanawake wengine wote wa shamba, na ambaye mwezi uliopita alikuja kuomba chumvi mara mbili. Jina lake lilimpanda Kalondu mpaka kwenye meno. Angelitema tu. Neno moja, na dresa huyu angejua ni nani mchafu na ni nani msafi. Ndinda angepata barua yake hapohapo.

Akalimeza. Lilishuka kama mfupa wa samaki, lakini alilimeza, akageuka.

Alimkuta Muasya faktori. "Mke wako anakufa. Nenda uombe barua, wewe ni mwanamume, atakusikia."

"Mwaitu, niende mbele ya watu niombe barua ya kisonono?"

Kalondu alimtazama mwanawe. Alimkumbuka akiwa mtoto, akiogopa jogoo. "Nilidhani nimezaa mtu," akasema, akamwacha amesimama na koleo lake.

Sasa hakuwa na kitu kilichobaki ila hasira, na hasira ikiwa na mikono hufanya kazi. Karibu na stoo ya posho, kando ya barabara, kulikuwa na lundo la sangari lililongoja kuchomwa. Kalondu alikata mizizi, kumbatio zima, akaiosha bombani. Akachukua debe lake mwenyewe la kuchumia kahawa, akalijaza maji, akapanga mafiga matatu katikati ya uwanja, uso kwa uso na dirisha la zahanati, akawasha moto. Akatia mizizi. Akaleta na mfuko wake wote wa ndevu za mahindi, akiba ya mwaka mzima, akaumwaga ndani.

Jumamosi kazi iliisha saa nane, na saa tisa watu wote wa shamba walikuja kuchukua posho yao ya unga. Laini ya wanaume upande huu, laini ya wanawake upande ule, na katikati mama mmoja na debe linalotoka mvuke. Wanawake walijua harufu ile.

Ephantus akaja na filimbi yake shingoni. "Mama Muasya, unapika nini hapa? Zima huo moto."

"Nyamaza, nitakufikia na wewe," Kalondu akamwambia, na kwa jinsi alivyosema polepole, Ephantus akanyamaza kweli.

Kalondu akapanda juu ya jiwe.

"Mnanijua. Mimi sitaji mtu. Niliapa na nitazikwa na kiapo changu. Lakini leo chumvi haiko mlangoni kwangu. Chumvi iko hapa." Akaonyesha debe. "Anayeitaka alete kikombe chake, jua likiwaka, watu wakiona. Dresa amesema mwanamke anayechomeka akikojoa ni malaya. Ameandika. Ndinda, mke wa mwanangu, amelala pale nyumbani anakufa na neno hilo, na amekataziwa lori kwa ajili ya neno hilo. Haya. Kama yuko peke yake, dresa amesema kweli na mimi ni mwongo, na nyinyi nyote mwende mkale. Kama hayuko peke yake, mnajijua."

Hakuna aliyesogea. Kimeu alitoka dirishani akaja kusimama kwenye veranda, mikono kiunoni, akitabasamu. Mwanamume mmoja akakohoa, mwingine akacheka. Wanawake walitazama vidole vya miguu yao. Muasya alikuwa katikati ya wanaume, kichwa chini, na Kalondu akaona wazi kwamba atashindwa, kwamba aibu ina nguvu kuliko kifo, na kwamba atamzika msichana wa watu kwa sababu wanawake ishirini na wanne waliogopa kunyoosha mkono na kikombe. Machozi ya hasira yalimjaa machoni. Hakuyafuta.

Ndipo Waithira akatoka kwenye laini.

Waithira alikuwa mchumaji mzee kuliko wote, mama Mkikuyu aliyekuja kila asubuhi kutoka kwenye kijiji cha Imajensi, ambacho serikali ilikizungushia handaki na miti iliyochongwa, akipita kwa askari wa lango kila siku. Alikuwa na mkebe uliopinda. Alitembea polepole, magoti yakilia, akachota kwenye debe, akapuliza, akanywa mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia dresa.

"Bwana yangu alikufa mwaka wa njaa ya mihogo," akasema. "Niko peke yangu miaka kumi na minne. Hata paka ndume hajalala kwangu. Na mimi mkojo unanichoma tangu mwezi wa kumi. Haya, dresa, wewe umesoma. Niambie hicho kisonono nimekitoa wapi."

Mtu akacheka, lakini safari hii hakumcheka mwanamke.

Wayua akatoka, mtoto mgongoni. Mume wake akamshika mkono, "Unaenda wapi?" Wayua akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi. "Shika mwanao," akasema, akaenda na kikombe. Wakaja wawili pamoja, wakashangaa kuonana, maana walikuwa majirani wa ukuta mmoja na kila mmoja alimficha mwenzake tangu mvua za masika. Wakaja watano. Wakaja wengine ambao Kalondu hakuwahi kuwapa chumvi, ambao walikuwa wameteseka kimya bila hata mzizi mmoja. Foleni ya posho ikavunjika, ikawa foleni ya debe, na upande wa pili wanaume wakasimama wakiwatazama wake zao na dada zao na mama zao.

Kimeu hakuwa akitabasamu tena. "Huu ni ujinga," akaanza. "Hawa wote wanaigana..."

Mlango nyuma yake ukafunguka. Kanini akatoka na kikombe cha bati cha rangi ya samawati, kile cha mumewe cha chai. Akapita kando yake.

"Kanini! Rudi ndani!"

Kanini akasimama kwenye ngazi. "Mimi uliniambia ni baridi ya sakafu," akasema. Hakupaza sauti, lakini uwanja wote ulimsikia. "Nikikwambia nachomeka, unaniambia, vaa soksi, ni baridi ya sakafu. Hawa wengine mbona sakafu haikuwapata?"

Akaenda akachota.

Kalondu akashuka kwenye jiwe, akamfuata dresa mpaka kwenye veranda. Alimwangalia kwa karibu. Alikuwa kijana tu, ana jasho juu ya mdomo.

"Sasa chukua kalamu yako. Andika kisonono kwa hawa wote, na uanze na jina la nyumbani kwako. Ama andika barua moja. Chagua, lori halingoji."

Kimeu akaingia ndani. Akamwaga wino kwenye meza, lakini aliandika. Kalondu akaipokea barua, akaipuliza ikauke, kisha akamgeukia Ephantus ambaye alikuwa akijaribu kujificha nyuma ya mizani.

"Na wewe nilisema nitakufikia. Dawa hii ni maji, na maji yakiingia hutoka. Jumatatu watakunywa. Na watatoka. Umesikia? Msituni hakuna mtu. Aliyekuwa anateswa na amri yako yuko hapa mbele yako na kikombe."

Aliporudi nyumbani alimkuta Muasya ameshafika mbio mbele yake, amemfunga Ndinda blanketi, amembeba. Alikuwa analia waziwazi kama mtoto. "Mwaitu," akasema, "mwaitu, mimi..."

"Usiniambie mimi. Siyo mimi uliyetaka kurudisha kwetu." Kalondu akamtundikia kibuyu cha maji shingoni. "Umpe kidogo kidogo njia nzima. Na akitaka kushuka kwa haja, mwambie dereva asimamishe lori. Akikataa, lala mbele ya magurudumu."

Hospitalini Thika walimweka siku tisa. Walimpima mkojo, wakamdunga sindano, wakampa vidonge vyeupe, na daktari akamwambia Muasya kwamba angechelewa siku mbili zaidi angekuja kuchukua maiti. Muasya alisimulia hayo mwenyewe, kila mahali, kwa kila mtu, hata wale ambao hawakumuuliza. Kalondu alimsikia na hakumpa pole.

Jumatatu ile alfajiri, wanawake walipanga foleni bombani kabla ya kwenda mstarini, wakanywa vikombe viwili viwili, Ephantus akiwatazama. Saa nne kamili Waithira akaweka debe lake chini, nusu yake tupu, akanyoosha mgongo.

"Naenda kuomba chumvi," akasema kwa sauti.

"Na mimi," akasema Wayua.

"Na sisi."

Mstari mzima ukaelekea kichakani. Ephantus akapiga filimbi, akapiga tena, akapiga mpaka mate yakamwishia. Aliinama akashika debe la Waithira alimwage, kama kawaida yake, halafu akatazama nyuma yake akaona madebe sitini, na wenyewe hawapo. Angemwaga lipi akaacha lipi? Akalirudisha chini. Wanawake walirudi walipomaliza, wala si kabla.

Ndinda alirejea siku ya kumi, amekonda, anatembea kwa hatua fupi, Muasya nyuma yake amebeba kibuyu. Kalondu alitaka alale. Ndinda akakataa. Yule msichana mpole, ambaye hakuwahi kukataa kitu tangu aolewe, alikwenda moja kwa moja mpaka zahanati, akaingia kwenye foleni, akangoja zamu yake. Alipofika dirishani akamwekea Kimeu karatasi ya hospitali mbele yake, juu ya ile kadi ya zamani.

"Soma," akasema.

Kimeu akatupia macho karatasi ile. Akaikunja nusu. "Nimeona. Ni sawa. Nitabadilisha kadi."

"Sikusema uone. Nimesema soma."

Dresa akatazama foleni, akamwona Kalondu mwisho wake, amefunga leso kiunoni. Akasafisha koo.

"Kibofu na figo," akasema kwa sauti ndogo. "Si ugonjwa wa zinaa."

Ndinda hakuondoka. Aliegemea dirisha kwa mikono yote miwili, kwa sababu miguu bado haikuwa na nguvu.

"Tena," akasema. "Siku ile ulisoma vizuri. Hawa wa nyuma hawajasikia."